Kadi Isiyoamkia

Mji ule haukuwa na usiku. Wazee walisimulia, kabla wazee wenyewe hawajaisha, kwamba usiku uliwekwa uwanjani katika mchezo mmoja wa zamani, ukashindwa, ukachukuliwa pamoja na nyota zake. Tangu hapo jua lilisimama palepale, saa kumi ya alasiri, mwanga wake mwekundu kama chai iliyosahauliwa birikani, na watu wakajifunza kulala huku wamejifunika nyuso kwa kanga. Hakuna aliyeuliza mshindi aliupeleka wapi usiku. Kitu kilichoshindwa hakiulizwi kilikokwenda. Hiyo ndiyo adabu ya mji ule, na adabu ilikuwa sheria pekee iliyobaki.

Katika nyumba ya tatu kutoka bombani aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani pamoja na mama yake, Mwanasha. Sikudhani alikuwa na miaka thelathini na minne. Mama yake alikuwa na miaka tisa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwanasha alimzaa Sikudhani, akamnyonyesha, akamchapa alipostahili kuchapwa, akamzika mumewe, akafika miaka sitini na mmoja kwa njia ile ya kawaida ambayo watu hufika. Kisha nyumba yao ikaitwa kwenye Mchezo.

Kila nyumba ilikuwa na kioo kimoja, kipana kama sinia la pilau, kilichotundikwa ukutani mkabala na mlango. Ndani ya kioo zilikaa kadi za nyumba ile, zikipumua mwanga wao. Zamu ilipoitwa, nyumba ilipaswa kupanga kikosi cha kadi tano na kukiburuta kwa kidole mpaka uwanjani, nao uwanja ulikuwa ndani ya vioo vyote kwa wakati mmoja. Kadi nne zilikuwa za viumbe. Nyumba ya Sikudhani ilikuwa na Mlinzi wa Chumvi, Mama wa Nyuki, Fisi Mhunzi, na Kobe anayebeba kisima mgongoni. Kadi ya tano ilikuwa sharti iwe ya damu, yaani ya mtu wa nyumba ile, mwenye pumzi. Kwa nini iwe sharti? Sikudhani alikwisha kujiuliza mara nyingi, na jibu alilolipata lilikuwa dogo na baya: mchezo usio na mtu ndani yake haumtishi mtu.

Kanuni ya vita ilikuwa rahisi, hata watoto waliijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kadi mbili zikikutana, ile ndogo kwa umri huamkia. Ile kubwa huitikia marahaba, kisha hupiga kwanza. Na salamu yenyewe haikuwa ya bure. Aliyeamkia aliutoa mwaka, aliyeitikia akaupokea. Hivyo mkubwa alizidi kuwa mkubwa kwa sababu alikuwa mkubwa, na mdogo alipigwa kwa sababu alikuwa na adabu.

Nyumba zote zilicheza na mpinzani mmoja. Waliita jina lake Mkongwe, nalo halikuwa jina. Alikaa Ukumbi wa Juu, mwisho wa ngazi za mawe, na umri wake ulikwisha kupita mahali ambapo hesabu huacha kuwa hesabu ikawa hali ya hewa. Hakuwa mkali. Waliowahi kumwona walisema ana sauti ya mtu anayekaribisha wageni. Huitikia, hupiga, na nyumba iliyoshindwa humwachia sehemu ya miaka ya kadi yake ya damu. Nyumba ya Sikudhani ilikuwa imeshindwa mara sita. Mara ya saba ilikwisha kutangazwa: baada ya kulala mara mbili. Mwanasha akishindwa tena, miaka tisa ile nayo itakwenda, na hapo hatakuwa amekufa, maana aliyekufa aliwahi kuwapo.

*

"Dada," Mwanasha alisema. Alikaa sakafuni katikati ya magoti ya binti yake, akisukwa. "Tukishindwa nitakwenda wapi?"

"Nani kakwambia tutashindwa?"

"Watoto wa bombani. Wanasema mimi ni bibi kizee niliyeoza nikawa mbichi."

"Watoto wa bombani hawana adabu."

"Wanayo. Waliniamkia kwanza, ndipo wakacheka."

Sikudhani akauma kitana kwa meno, akagawa nywele kwa kidole. "Tulia basi. Kichwa chako kama samaki."

"Unavuta."

"Ukitulia sivuti."

Akatulia. Kisha, kwa sauti nyingine, sauti nzito ya mtu mzima iliyopotea njia ndani ya koo dogo, akasema, "Na wewe hujatia kitu mdomoni tangu uamke. Utashinda na njaa mpaka lini, mtoto we?"

Mikono ya Sikudhani ikasimama. Alingoja, lakini sauti ile haikuongeza neno. Mwanasha alikuwa ameokota ushanga sakafuni akilitazama jua kupitia tundu lake.

Mama ni nani? Sikudhani hakuwa mtu wa kusoma vitabu vingi. Alijifunza kufikiri kama alivyojifunza kupika, kwa kuunguza. Alianza na lililo karibu. Mama ni ule mwili ulionizaa? Mwili ule haupo tena. Huu ulio mbele yangu haujawahi kuzaa, bado una meno mawili ya utotoni. Mama ni yale aliyoyatenda? Hayakumbuki. Basi mama ni miaka yenyewe, ile hamsini na miwili iliyotoka, na miaka hiyo iko Ukumbi wa Juu ndani ya mtu mwingine. Pengine hivi sasa Mkongwe amekaa kitini na ghafla tumbo linamkata, anakumbuka uchungu wa kumzaa binti asiyemjua, na hajui amlilie nani. Kama ni hivyo, mama yangu ni nani kati yao? Huyu ninayemsuka, au yule ninayemchukia?

Akamaliza mstari, akaanza mwingine.

*

Tindo, fundi wa vioo, alikuwa mtu ambaye umri wake haukutulia. Alicheza michezo midogo ya barazani na watu wengi mno, akipata miezi huku, akipoteza miaka kule, hata kila alipobisha hodi watu walimtazama usoni kwanza ndipo wakajua waseme nini.

"Leo nikuamkie au uniamkie?" Sikudhani alimwuliza mlangoni.

"Ngoja." Tindo akajipapasa kidevu, akakunja goti, akalikunjua. "Ndevu zipo, lakini goti haliumi. Tupeane mikono tu, tusidhulumiane."

Akaingia, akapumulia kioo, akakifuta kwa ncha ya shati. Kadi nne zikaamka. Nyuma yao palikuwa peupe, kama ukuta ulioondolewa picha. Zamani kioo kile kilikuwa na viumbe arobaini, lakini kadi haikui ila kwa kulishwa. Unaiburuta kadi moja juu ya nyingine, ile ya chini inameza, miaka inahama, na aliyemezwa hapatikani tena. Sikudhani alikuwa amelisha kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, akifikiri kila mara kabla ya kuinua kidole. Alikumbuka bado Mpiga Zumari alivyoinama kidogo, kama anayepisha mtu njiani.

"Mlinzi wa Chumvi umemfikisha wapi?" Tindo aliuliza.

"Mia na ishirini."

"Na Kobe?"

"Mia tatu."

"Kobe wa miaka mia tatu." Tindo alicheka bila sauti. "Atamwamkia Mkongwe kama mtoto wa chuo aliyechelewa. Dada yangu, mji mzima umejaribu hivyo. Nyumba ya Bakuza walimlisha tembo wao mpaka akapasua kioo, nikaitwa mimi kuokota vipande. Hakuna anayemfikia. Unapanda ngazi, na yeye ndiye ngazi."

"Najua. Ndiyo maana safari hii sipandi."

Tindo akageuka.

Sikudhani alisema polepole, akipanga maneno kama anayetandika mkeka. "Unamjua Bi Tausi wa nyumba ya kona."

"Nani asiyemjua? Hata ukimkanyaga, wewe ndiye utakayeamkia kabla ya kuomba radhi."

"Nilikuwa naye bombani. Akaja mwanamke ana kichanga mgongoni. Mimi nikamwamkia Bi Tausi, asubuhi yangu moja ikaenda, ndivyo salamu za mtaani zilivyo. Yule mwanamke naye akatoa yake. Halafu Bi Tausi akainama kwa kile kichanga. Akasema, hujambo wewe? Nani huyu? Nani huyu mwenye mashavu? Mara tatu, Tindo. Yeye ndiye aliyeanza. Na kila aliposema, uso wake uling'aa."

"Furaha ya mtoto."

"Si furaha. Mikunjo ilikuwa inamtoka. Asubuhi tatu zilimwacha zikaingia kwa mtoto, na mtoto akaota jino." Akafikiri kidogo. "Nadhani jino lilikuwa njiani tayari. Lakini nililiona likitokeza."

Tindo aliacha kufuta kioo.

"Kichanga hajui kuamkia," Sikudhani akaendelea. "Na hakuna mkubwa anayeweza kukaa mbele ya kichanga akangoja aamkiwe. Atainama. Ataanza yeye. Sisi sote tumehangaika kuwa wakubwa kuliko Mkongwe, kwa sababu tumefundishwa hivyo tangu utotoni, kwamba dawa ya kuonewa na mkubwa ni kukua. Hakuna aliyejaribu kushuka."

"Nyumba hii haina kichanga."

Sikudhani akageuza macho. Uani Mwanasha alikuwa akiruka kamba peke yake, akihesabu kwa sauti, akikosea baada ya kumi na tatu na kurudi mwanzo. Tindo aliyafuata macho ya Sikudhani mpaka uani, akarudi nayo.

"Miaka tisa," alisema. "Utaimimina wapi?"

"Ya damu haimiminiki ila kwenye damu. Itakuja kwangu. Nitaitunza."

"Tukishinda, anayepokea ni kadi iliyopiga pigo la mwisho. Itakuwa yeye. Atapokea yake na ya mji mzima."

"Akifika sitini na mmoja nitaiondoa kadi uwanjani."

"Hakuna aliyewahi kuondoa kadi inayopokea."

"Hakuna aliyewahi kuwa na kadi inayopokea."

Tindo akakaa kwenye kigoda. Ilionekana kana kwamba umri ulimpanda na kumshuka pale alipokaa; mashavu yalijaa, yakabonyea. "Nikuulize jambo, usinikasirikie. Kwa nini isiwe wewe? Mpe mama yako miaka yako, awe mtu mzima wa arobaini na mitatu. Wewe uwe kichanga. Yeye acheze."

"Mama hajui Mchezo. Hakuupenda hata alipokuwa na akili zake zote. Atakosea nafasi za kadi."

"Nafasi za kadi zinafundishika."

"Kwa kulala mara mbili?"

"Sikuhukumu, Sikudhani. Nimeuliza tu."

Tindo alikuwa amejibiwa vizuri, naye akakubali. Kila neno alilosema Sikudhani lilikuwa kweli. Mwanasha kweli hakuujua Mchezo, na siku kweli zilikuwa chache. Lakini sababu ya kweli ndiyo inayoficha vizuri kuliko zote, maana hata ukiipekua unaikuta ni kweli, unaridhika, huitazami nyuma yake. Sikudhani hakutazama nyuma yake. Alinyanyuka akaenda kumwita mtoto ale.

*

Kulala mara ya kwanza kukapita. Kulala mara ya pili kukapita. Kioo kikalia, sauti ya kijiko kinachogonga glasi.

"Tutacheza," Sikudhani alimwambia mama yake.

"Kombolela?"

"Kama kombolela. Utajificha mahali padogo sana."

"Padogo kama ndani ya mtungi?"

"Padogo kuliko hapo."

Mwanasha alifikiri kwa uzito. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililofumuka pindo. "Utanitafuta?"

"Nitakutafuta."

"Usihesabu haraka," Mwanasha akasema. "Wewe huwa unahesabu haraka."

Akafumba macho. Sikudhani akaweka kiganja cha kushoto kwenye kichwa cha mama yake na cha kulia kwenye kioo, na miaka ikaanza kuja. Ilikuja na vitu vyake vyote, kama nyumba inayohamishwa na watu wasiofungasha: harufu, vikombe, majina ya mbuzi, hofu ya shimo fulani la choo. Wa tisa, wa nane, wa saba. Gauni la kijani likawa kubwa. Wa tano. Neno moja moja likimtoka mtoto na kuingia kwake. Wa pili. Wa kwanza ulikuwa mzito kuliko yote minane, kwa sababu ndani yake hamkuwa na maneno ya kuushikia.

Sikudhani aliogopa kwamba ataumia. Hakuumia hata kidogo. Alipofumbua macho alikuwa wa arobaini na mitatu, mgongo umenyooka, sauti imeshuka kifuani, na juu ya mkeka, ndani ya gauni, palikuwa na kichanga kikitazama dari kama kitu kinachoweza kuliwa.

Akakifunga vizuri kwa kanga. Akakipakata kwa mkono mmoja. Kwa kidole cha mkono wa pili akaburuta kadi tano uwanjani.

*

Mlinzi wa Chumvi akatangulia. Alipiga goti mbele ya kadi ya Mkongwe, akaamkia. "Marahaba," ikasikika sauti, tulivu, kutoka katika vioo vyote vya mji. Mlinzi akapigwa, akamwagika. Mama wa Nyuki akaamkia. "Marahaba." Nyuki wakaanguka kama mchele. Fisi Mhunzi alijaribu kuamkia huku ameinua nyundo. Salamu ilitoka, nyundo haikushuka. Kobe alikuwa wa nne. Alichukua muda mrefu kufika, na mji mzima ukamngoja, kisha naye akainamisha shingo, akasema aliyotakiwa kusema, na kisima kilichokuwa mgongoni mwake kikakauka.

Ikabaki kadi ya tano.

Kadi ya Mkongwe ilikuwa na sura ya mtu aliyekaa, basi. Hana taji, hana silaha. Alitazama mbele akingoja. Mbele yake, chini, palikuwa na kichanga ndani ya kanga.

Sikudhani alihisi mji umesimama nje ya madirisha yake, watu wameshika vijiko hewani. Alipumua kwa hesabu, moja mpaka nne. Usimwamkie, alisema moyoni, na papo hapo akaona upuuzi wa maneno yake, kwa maana alikuwa akimwomba mtoto asifanye asichokijua. Huo ndio uhuru pekee nilioupata katika mji huu, aliwaza. Si wa anayekataa. Ni wa asiyejua kwamba ameombwa.

Kichanga kikapiga chafya.

Mkongwe akainamisha kichwa upande mmoja. Kitu fulani mdomoni mwake kilihangaika. Alikuwa amengoja salamu miaka mingi kuliko miti, na kila aliyekuja mbele yake alikuja nayo mkononi. Hakujua kungoja kunakokosa. Akasogea kwenye ukingo wa kiti.

"Hujambo?" akasema.

Mwaka ukamtoka. Ulionekana, kama vumbi linalotikiswa kwenye shuka, ukaelea juu ya kanga bila kushuka.

"Hujambo wewe? Nani huyu?" Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda juu, nyembamba, ile sauti ambayo hata wauaji huitoa mbele ya vichanga. "Nani huyu mwenye mashavu? Eh? Nani kaja kututazama?" Karne zikamwacha. Hakuweza kunyamaza. Huenda hakutaka. Alikuwa akicheka, na kila kicheko kilimwondolea nyumba nzima: wa Bakuza, wa bombani, wa mitaa iliyokwisha kusahauliwa. Akawa mzee wa kawaida mwenye meno machache. Akawa baba wa watu. Akawa kijana, amepiga magoti sasa, uso wake karibu kabisa na uso wa mtoto, na Sikudhani aliona kwamba alikuwa na sura nzuri, sura ya mtu wa nyumba fulani, ambaye mama yake pia pengine alimtia kwenye kadi ya tano.

Kichanga kikarusha mkono kama vichanga vinavyorusha, bila nia. Kiganja kikampata shavuni.

Hilo lilikuwa pigo la mwisho.

Miaka ikaanguka yote kwa pamoja. Juu ya mapaja yake Sikudhani alihisi kanga ikijaa. Akaweka kidole kwenye kadi na kungoja. Mtoto akakaa, akasimama, akawa msichana aliyepita tisa bila kugeuka. Ishirini. Thelathini, na tumbo lake likavimba na kushuka kwa mpigo mmoja, na huyo aliyekuwa tumboni ni mimi, aliwaza Sikudhani. Hamsini. Hamsini na tisa. Nywele zikaingia mvi pale pale zilipoingia zamani. Sitini na mmoja.

Mwanasha alikuwa pale, na uso wake wote. Alimtazama binti yake, akaiona miaka yake arobaini na mitatu, akakunja uso kwa huruma, akafungua mdomo. "Siku—"

Sikudhani akaburuta kadi. Kadi haikusogea. Akaburuta kwa vidole viwili, kwa kiganja, akakwaruza kioo kwa kucha. Sitini na miwili. Sabini. Macho ya mama yake yalikuwa bado yanamtazama lakini mbele yao sasa palikuwa na watu wengi, umati unaopita kati ya watu wawili waliokuwa wakizungumza. Mia. Mia nne. Baada ya hapo mapaja yake yakawa mepesi, kwa sababu mtu wa umri ule hakai kwenye nyumba ya tatu kutoka bombani.

*

Ngazi za mawe zilikuwa nyingi lakini hakuzihesabu. Ukumbi wa Juu ulikuwa chumba kitupu chenye kiti. Mama yake alikaa juu ya kiti. Tindo, aliyemfuata mpaka nusu ya njia, alikuwa amesimama chini akiita jina lake, na sauti yake ilikuwa ya mvulana, kisha ya mzee.

"Mama," Sikudhani alisema. "Ni mimi."

"Karibu," yule aliyekaa akajibu. Sauti ya mtu anayekaribisha wageni. "Wa nyumba gani?"

"Ulikuwa na miaka sita," Sikudhani akasema haraka. Alikuwa nayo kinywani, mbichi, si yake. "Ulipanda paa la jikoni kumfuata jogoo mwekundu. Bati lilikuwa la moto. Ulilala kifudifudi ukashika mkia wake, na yeye akaruka, ukabaki na unyoya mmoja. Ukaogopa kushuka. Ukakaa juu mpaka baba yako akarudi shamba, akakwambia, usiniamkie, shuka kwanza."

Aliyekaa alisikiliza kwa makini. Alisikiliza kama anayepekua sanduku kubwa asiyetaka kumvunja mtu moyo.

"Nina mapaa mengi," akasema mwishowe. "Nina majogoo. Nina baba elfu wanaorudi shamba. Huyo simwoni." Akatazama mikono yake, upande huu na upande ule. "Labda unaye wewe."

"Ninaye. Nimekuja kumrudisha."

"Mkubwa hapewi na mdogo ila kwa salamu," akasema kwa upole. "Niamkie basi, mwanangu."

Neno lile la mwisho lilikuwa la adabu tu. Angemwita hivyo yeyote. Sikudhani alijua. Na alijua pia kwamba akimwamkia, miaka tisa ile itatoka mmoja mmoja, salamu kwa salamu, na jogoo mwekundu atakwenda alikokwenda Mpiga Zumari, ndani ya maelfu, asionekane tena na mtu yeyote. Asipomwamkia, atabaki yeye peke yake duniani anayemjua mtoto aliyekaa juu ya bati. Sababu zote mbili zilikuwa kweli. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, mdomo wake umefungwa, na nyuma yake, au mbele yake, alisikia sauti ya kijiko kikigonga glasi, na yule aliyekaa akiita nyumba inayofuata.

Chini ya ngazi watu walikuwa wamejaa njia. Habari zilitangulia. Walimpisha. Hawakumpongeza wala hawakumlaani. Walimtazama kama watu wanavyotazama ukoo wa mwenye kiti. Bi Tausi wa nyumba ya kona alikuwa mbele yao, na miaka yake tisini, na fimbo yake. Sikudhani alitaka kumwahi. Alikwisha kufungua mdomo kwa mazoea ya maisha yake yote.

Lakini yule bibi alitangulia. Alishika fimbo kwa mikono miwili, akakunja magoti yasiyokunjika, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Sikudhani aliangalia utosi ule mweupe. Aliona anavyotetemeka. Alijua lililo sawa, na alikuwa na muda wa kutosha kulisema.

"Marahaba," akasema.

Asubuhi ya yule bibi ikaingia. Ilikuwa ndogo, ya baridi, yenye umande, na ilikuwa tamu.